Mikono ni Yangu

Kwanza ujue kamera ilikuwa mbovu.
Ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia.
Jino moja ndani lilikuwa limelika,
ukivuta filamu, haisogei yote.
Mteja akinung'unika, ami Rubeya humjibu:
"Picha nazo zina ujirani."

Alhamisi alipiga harusi ya Salhina, Limbani.
Fremu ishirini na nne.
Khelef ndani ya joho la kuazima, kilemba kimemzidi,
anacheka kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi ya haki yake.
Ya mwisho ni mikono ya biharusi juu ya mto,
piko mpaka kwenye viwiko.
Zikabaki kumi na mbili.
"Filamu haitupwi," akasema ami. "Nitazimaliza kesho."

Kesho yake ndiyo ile Ijumaa.

Mimi sikuwa barabarani. Nilikuwa chumba cha giza
nakoroga dawa, nikasikia bati la jirani
likipigwa na kitu kisichokuwa mvua.
Ami alirudi kichwa wazi. Hakusema neno.
Akatoa ukanda, akautia kopo la maziwa ya unga,
kopo akalizika katika gunia la karafuu.
Kisha akafungua filamu mpya,
akaivuta yote uani, juani, akaiweka mezani.
Walipokuja kuuliza, aliwapa hiyo.
"Imeungua. Uzee huu, nimekosea."
Wakamcheka,
wakaondoka na jua tupu mfukoni.

Wiki ile nusu ya mtaa ilikuwa Shimoni.
Wanasema mpaka uko katikati ya mkondo.
Sijauona. Maji hayana mshono.
Khelef alivuka na wenziwe, akapewa kadi ya ukimbizi,
picha yake ya kwanza asiyocheka.
Alileta salamu mara mbili.
Ya tatu ilikuwa talaka.

Na bado Salhina akaja kudai picha zake.
Ami alimrudishia arubuni, akaikataa.
"Sikutaka pesa. Nataka ishirini na nne zangu."
Akaja mwaka ule, akaja uliofuata,
mpaka tukazoea kumwekea kiti.

Ami amekufa. Kopo nimelirithi.
Juzi kaja kijana kutoka Nairobi na mkoba wa lenzi,
anakusanya picha za watu wa mipakani,
vita vyao, anasema, na uhuru wao.
"Una chochote?"
"Nina karafuu," nikamwambia.
Usiku nikawasha taa nyekundu.

Ukungu umekula kingo, lakini kitu kipo.
Nilimwita Salhina kabla ya mtu yeyote.
Alikuja na mkasi wa kushonea.
"Kata hapa. Zangu nipe.
Hizo nyengine mpe huyo mgeni, mpe serikali, tupa."
Nikanyanyua ukanda mbele ya taa,
nikautafuta ule mstari mwembamba
unaotenga picha na picha.

Haupo.
Ishirini na nne imepanda juu ya ishirini na tano:
mikono yenye piko imelala barabarani,
na juu ya vidole, ndara.
Nimezihesabu, kumi na tisa,
kila moja imeelekea kwake.
Na baskeli ubavu chini. Gurudumu limesimama, ni picha,
lakini mimi naliona linazunguka.

Salhina alitazama, chai ikapoa.
Akaweka ukucha juu ya ndara moja.
"Hii ya Khelef. Nilimwambia asubuhi,
mkanda huo umekatika, usitoke nazo."
Hakulia. Alifunga mkasi kwenye pindo la kanga.
"Basi usikate."

Kijana wa Nairobi anataka maelezo ya chini ya picha:
nani, wapi, lini, maneno yasizidi ishirini.
Nimeandika *Wete*, nikakwama hapo.
Nimeandika *harusi*, nikafuta.
Nikampigia simu Salhina, yuko sokoni,
nyuma yake watu wanapatana bei ya dagaa.
"Mwandikie," akasema, "mikono ni yangu.
Ndara zina wenyewe."